Kubebana Chumbani: Huruma Yangu, Mzigo wa Nani?



Mpendwa kijana mwenzangu, kama umewahi kukaa hosteli ya chuo hapa kwetu Tanzania, neno "kubebana" huhitaji kuelezwa. Kwa wewe ambaye bado uko sekondari: kubebana ni pale mwanafunzi aliyepangiwa kitanda anapomchukua mwenzake aliyekosa, wakalala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja. Mwenye kitanda anabeba, mwenzake anabebwa. Sheria za hosteli zinakataza, kila mtu anajua zinakataza, na kila mwaka watu wanabebana.

Sababu yake haina siri. Vyuo vingi vina wanafunzi wengi kuliko vitanda. Mwaka 2017 zilipozinduliwa hosteli mpya pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zenye nafasi ya wanafunzi 3,840, ilikuwa habari ya nchi nzima. Lakini hadi leo, vyuo vinapofunguliwa utawaona vijana wa mwaka wa kwanza wakizunguka na mabegi wakiuliza nani ana nafasi. Mtaani mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na wengine hata nauli ya kuja chuo wamechangiwa na jumuiya.

Sasa swali. Mkristo anayevunja sheria ya hosteli ili kumpa mwenzake mahali pa kulala, anatenda dhambi au anatenda huruma? Nilipokuwa mwaka wa pili nilikuwa na jibu la haraka sana. Leo nataka nikusimulie jinsi jibu lile lilivyonivunjikia mkononi.

Chumba chetu kilikuwa cha watu wanne, vitanda viwili vya deka. Mimi nililala chini, karibu na mlango. Juu yangu alilala dada mmoja mcheshi wa kozi yangu. Deka la pili, kitanda cha juu kilikuwa cha dada aliyekuwa na ndugu mjini, kwa hiyo wikiendi hatukumwona. Cha chini, dirishani, alilala dada mmoja Mwislamu kutoka Tanga, mpole, asiyeongea sana. Nitamwita dada wa dirishani. Nyuma ya mlango palibandikwa karatasi ya sheria: kitanda kimoja mwanafunzi mmoja, wageni watoke kabla ya saa nne usiku, ni marufuku kupika chumbani, ni marufuku kumpa mtu mwingine nafasi yako. Nilikuwa naiona kama karatasi iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kukosa pa kulala.

Usiku mmoja, chuo kimefunguliwa wiki ya pili, rafiki yangu wa nyumbani alinipigia simu kutoka stendi ya Mbezi. Tuliimba kwaya moja Ruvuma, tulipata Kipaimara siku moja. Alikuwa amechelewa kuripoti, mkopo wake haujakaa sawa, nafasi za hosteli zimeisha. "Nimeshuka na begi langu," aliniambia, "sijui pa kwenda."

Ungefanya nini? Mimi nilimwambia apande daladala aje. Nilimpokea getini, tukapita pamoja na kundi la wasichana waliotoka kujisomea, tukalala mzungu wa nne kwenye kile kitanda changu chembamba. Kabla ya kulala nilikumbuka Injili ya Mathayo sura ya 25, pale Bwana anapojihesabu kuwa ndiye mgeni aliyepokelewa au kuachwa nje. Nilijisikia vizuri. Kiukweli, nilijisikia mtakatifu kidogo.

Usiku mmoja ukawa wiki, wiki ikawa mwezi. Tukazoea. Dada wa juu yangu nilimwomba, akacheka, akasema hamna shida. Yule wa wikiendi hakujali. Dada wa dirishani hakusema kitu, na mimi sikumuuliza. Alinyamaza, nikahesabu ukimya wake kuwa ni ndiyo.

Chumba cha wanne kikawa cha watano. Soketi ilikuwa moja, tukawa tunapangiana zamu ya kuchaji simu. Maji ya ndoo yakawa yanaisha kabla ya asubuhi. Taa ilizimwa saa saba za usiku, maana mimi na rafiki yangu tulikuwa na mengi ya kuongea. Dada wa dirishani akaanza kutoka na madaftari yake kwenda kujisomea kwenye korido, amekaa sakafuni chini ya taa. Nilidhani anapenda kusomea nje! Yaani nilimpita pale, nikamsalimia, nikaingia ndani kulala.

Ikaingia Ramadhani. Usiku mmoja, saa tano hivi, tukasikia milango inagongwa: matroni anakagua. Rafiki yangu aliingia chini ya kitanda, nyuma ya ndoo na mabegi, nami nikashusha shuka mpaka sakafuni. Matroni akaingia na daftari lake.

"Mko wangapi humu?"

"Wanne, mama," nikajibu. Nilijibu haraka, sikusita hata kidogo.

Akaangaza macho chumbani, kisha akamgeukia dada wa dirishani. "Na wewe, mwanangu. Mko wangapi?"

Yule dada aliniangalia. Sijui kama niliomba kwa macho au nilitisha kwa macho. Nadhani vyote viwili. Akasema taratibu, "Wanne." Matroni akaandika, akaondoka.

Alfajiri ile niliamka nikamkuta ameketi kitandani. Uji wake wa daku ulikuwa kwenye kikombe, tende ziko kwenye sahani, hajagusa. Nikamwambia, "Asante sana kwa jana, umetuokoa." Hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini ili asiwaamshe wengine:

"Dada, wewe umembeba rafiki yako. Mimi umenibebesha uongo. Tena ndani ya Ramadhani."

Ndugu yangu, nimesikia mahubiri mengi maishani. Hakuna lililonikaa kama lile neno moja, kubebesha.

Maana tazama. Mimi nilikuwa najisifu kwamba nimebeba. Lakini nilikuwa nimebeba nini hasa? Nusu ya godoro. Usingizi aliupoteza dada wa dirishani. Maji, mwanga, utulivu wa kusoma, vyote vilitoka kwake. Na mwisho nikachukua hata ukweli wake, kitu ambacho mtu akishakupa huwezi kumrudishia. Huruma ilikuwa yangu, sifa zilikuwa zangu, gharama ililipwa na mwingine ambaye hakuulizwa.

Kwa siku kadhaa nilijitetea kichwani. Nilikuwa na hoja tatu, na nadhani wewe pia ungekuwa nazo.

Ya kwanza: sheria ya hosteli ni ya wanadamu, na Yesu mwenyewe alifundisha kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mtu. Ni kweli. Lakini hebu tuiendeleze hoja mpaka mwisho. Kama sheria iliwekwa kwa ajili ya mtu, basi kabla sijaivunja niulize iliwekwa kwa ajili ya mtu gani. Sheria ya kitanda kimoja mtu mmoja iliwekwa kwa ajili ya dada wa dirishani, yule asiyejua kugombana, ambaye bila karatasi ile hana cha kumlinda. Mwenye sauti kubwa chumbani hahitaji sheria. Mnyonge ndiye anayeihitaji.

Ya pili: nia yangu ilikuwa njema. Hapa Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1753, ilinifunga mdomo. Inafundisha kwamba nia njema haiwezi kulifanya tendo baya liwe jema, na mifano inayotoa ni kama vile mwandishi aliwahi kukaa chumbani kwetu: nia ni kumsaidia jirani, tendo ni uongo.

Ya tatu: Mtume Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo. Nikafungua Wagalatia sura ya 6 nijipatie nguvu. Kumbe mistari michache mbele, sura ile ile, Paulo anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Nilikuwa nikiona hizi kauli mbili zinapingana. Siku ile nikaona zinasaidiana. Nikutwike mzigo wako mgongoni mwangu, huo ni upendo. Nitwike mzigo wangu mgongoni mwako bila kukuuliza, halafu nijiite mwenye huruma, huo si upendo hata kidogo.

Jumamosi nikaenda kuungama. Baada ya kitubio nilimkuta padre mlezi wetu nje kwenye benchi, nikamwomba tuongee. Nilitaka anijibu lile swali langu: nilikosea kumfungulia mlango?

Akanisimulia mfano wa Mt. Thoma wa Akwino, ndani ya kitabu chake cha Summa Theologiae. Mji umezingirwa na adui, na imewekwa sheria kwamba malango yafungwe. Ni sheria njema, inalinda wote. Lakini ikitokea walinzi wa mji wako nje, wanafukuzwa na adui, malango yafunguliwe, kwa sababu sheria ilitaka usalama wa mji, na kuwaacha walinzi wafe ni kuuangamiza mji. Hata hivyo, Mt. Thoma anaongeza jambo. Kama hatari si ya ghafla, kila mtu asijiamulie mwenyewe. Aende kwa wenye mamlaka ya kutoa ruhusa. Hatari ikiwa ya ghafla, hakuna muda wa kuuliza, hapo dharura yenyewe ndiyo ruhusa.

"Usiku wa kwanza ulifungua lango," padre akaniambia. "Mtoto wa watu yuko stendi usiku, ungemwacha? Hapana. Lakini niambie, adui gani huyo anayefukuza mtu miezi mitatu, na wewe hupati hata nusu saa ya kwenda kumwona mkuu wa mji?"

Sikuwa na jibu. Akaniuliza tena, "Na huyo dada wa dirishani, umemwomba msamaha?"

Nilikuwa nimemwomba Mungu msamaha. Yeye bado.

Nilimwomba jioni ile, kabla ya futari. Nilimwambia ukweli wote: kwamba sikumuuliza kwa sababu niliogopa angekataa. Aliniambia amenisamehe. Aliniambia pia kwamba siku ya kwanza kabisa ningemuuliza angekubali, kwa wiki moja au mbili, maana hata yeye ana wadogo zake. "Ila hukuniuliza," akasema. Hapo nikatambua kwamba nilikuwa nimemnyima hata nafasi ya kuwa mkarimu. Ukarimu wote niliutaka uwe wa kwangu.

Jumatatu nilikwenda kwa matroni. Magoti yalikuwa yanatetemeka, sifichi. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza, akafungua daftari lake, akanionyesha ukurasa wa chumba chetu. Majina manne.

"Unajua hili daftari ni la nini?" akaniuliza. Nikasema la kukagua wanaovunja sheria. Akatikisa kichwa. "Usiku moto ukiwaka humu, mwanangu, nyote mkikimbilia uwanjani, mimi ndiyo nasimama na hili daftari kuita majina. Nikiita wanne wa chumba chenu wakaitika, nafunga ukurasa. Rafiki yako nani angemtafuta?"

Nilikumbuka Kyanguli, kule Machakos nchini Kenya, ambako Machi 2001 wanafunzi 67 walikufa kwa moto bwenini, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana nondo. Nikamwona rafiki yangu nyuma ya zile ndoo. Nilidhani nimempokea. Kumbe nilikuwa nimemficha, na mtu aliyefichwa hana jina popote. Yule mgeni wa Mathayo 25 alikaribishwa. Mimi wangu nilimwingiza chini ya kitanda.

Sitaki nikudanganye kwamba mambo yaliisha kwa raha. Nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Matroni alimruhusu rafiki yangu alale siku chache zaidi, jina lake likiandikwa daftarini, wakati tunatafuta njia. Padre alilitangaza jambo kwenye jumuiya za jirani na chuo bila kumtaja mtu, na mama mmoja akajitolea chumba cha uani kwa kodi ndogo. Kutoka pale hadi chuo ni daladala nusu saa na foleni juu. Rafiki yangu alihama, lakini aliniambia nimemfukuza ili nijisafishe. Iliniuma, maana ndani yake palikuwa na punje ya ukweli. Ilichukua karibu mwaka tukarudi kucheka kama zamani. Na dada wa dirishani alipata sapu mbili muhula ule. Hakuwahi kusema ni kwa sababu yetu. Muhula uliofuata aliomba kuhama chumba.

Likizo nilirudi Ruvuma. Nyumbani si mbali na Peramiho, ambako Wabenedikto walifika mwaka 1898, na tangu utotoni nilisikia habari za Kanuni ya Mt. Benedikto bila kuisoma. Safari hii niliisoma, kwa jicho la mtu wa hosteli. Iliandikwa karne ya 6 na ina sura 73, na nyingine, jamani, ni sheria za bweni kabisa! Sura ya 22 inasema kila mtawa alale kitanda chake, taa iwake mpaka asubuhi, na wakati wa kuamka wahimizane kwa upole kwa sababu wenye usingizi hawakosi visingizio. Nikacheka peke yangu. Halafu sura ya 53, ya wageni: kila mgeni anayefika apokelewe kama Kristo mwenyewe.

Sheria ya vitanda na sheria ya wageni ziko katika kitabu kimoja, kwa mkono wa mtakatifu mmoja. Anafanyaje ili zisigombane? Anaandaa. Wageni wana jiko lao, ili wanapofika saa zisizojulikana wasiwasumbue ndugu wengine. Wana nyumba yao yenye vitanda vya kutosha. Mkuu wa monasteri anajua wamefika, na jumuiya nzima inashiriki kuwapokea. Ukarimu wake uko mchana kweupe, na umefikiria hata usingizi wa ndugu ambaye hakuja kupokea mgeni.

Basi, mpendwa, nikurudie swali la mwanzo. Kumfungulia mwenzako usiku wa dharura si dhambi. Ningefanya tena leo hii. Dhambi yangu ilianza asubuhi iliyofuata, nilipochagua kuficha badala ya kusema, na kuchukua cha mwingine badala ya kuomba. Tangu hapo nimejiwekea kanuni nne za kuishi hosteli, nakushirikisha:

1. Kabla ya kumbeba mtu, waulize watakaobeba pamoja nawe. Waulize mmoja mmoja, na anza na yule mkimya. Ukimya si ruhusa.

2. Dharura ina tarehe. Ukimpokea mtu, semeni mnaanza lini na mnamaliza lini, na siku hizo zitumike kutafuta suluhisho.

3. Usimsaidie mtu kwa namna inayomfanya asiwe na jina. Kama msaada wako unahitaji uongo ili udumu, rudi nyuma ufikiri upya.

4. Sheria ukiiona ni kandamizi, ipinge kwa sauti: nenda kwa matroni, kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kwa viongozi wenu wa serikali ya wanafunzi. Kuivunja kimyakimya kunakusaidia wewe na rafiki yako mwaka huu tu. Mwakani wengine watakuwa stendi na mabegi yao.

Na usisahau wale wasio na kitanda. Ukisoma haya ukabaki na sheria tu, utakuwa umenielewa vibaya. Kwenye kikundi chenu cha wanafunzi Wakatoliki, kabla chuo hakijafunguliwa, kaeni na padre mlezi muulizane ni familia gani karibu na chuo zina chumba. Andikeni majina. Huyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakayeshuka Mbezi usiku tayari yuko njiani.

Tusali:

Ee Bwana Yesu, uliyezaliwa pasipo na nafasi katika nyumba ya wageni, uwatazame vijana wote wanaotafuta pa kulala usiku huu. Utupe moyo wa kuwafungulia, na ujasiri wa kuwafungulia hadharani. Utusamehe mara tulizojiita wema kwa jasho la wengine. Umkumbuke kila anayekaa dirishani kimya, umfariji, na umpe usingizi. Amina.

Mungu akubariki. Na leo jioni, kabla ya kuzima taa, muulize mwenzako wa chumba: "Inakusumbua?"